Betri ya Ndege Katikati ya Betri za Dagaa

Mzee mmoja, rubani wa zamani, alikuja kwangu Buhare ninapotengeneza umeme wa magari, amepakata betri ya ndege yake ndogo kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Cheti chake cha afya cha kurushia ndege kilikuwa kinakwisha Jumamosi, na kwa jinsi macho yake yalivyopungua nguvu alijua hatapewa kingine. Mkewe, mzaliwa wa Butiama, hakuwahi kupanda ndege. Mzee alikuwa amemwahidi kwamba kabla hajaacha kurusha ndege atamwonyesha kwao kutoka juu.

Ndege ilikaa mno uwanjani Musoma, betri ikaisha. Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameipeleka Mwigobero kwa shemeji yangu, anayechaji betri za taa za wavuvi wa dagaa. Ilikuwa mbalamwezi, wavuvi hawaingii ziwani, nafasi ipo. Shemeji akaiunga kwenye safu pamoja na zile kubwa, akafungulia chaja yake nzito.

"Sisi ikichemka tunajuaga imejaa," aliniambia kwenye simu, na kwa betri za dagaa hasemi uongo. Zile ni nene, zinavumilia.

Nilimweleza mzee taratibu. Betri ya risasi na asidi ikikaa tupu, mabamba yake huota ukoko mweupe. Ukoko ukiwa bado mchanga huyeyuka, mradi uupe umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Tena mabamba ya betri ya ndege ni membamba ili iwe nyepesi, kwa hiyo inataka chaja inayojua kujizuia: ipande hadi volti ishirini na nane na kitu, isimame hapo, halafu ishuke yenyewe iwe inaitunza tu. Chaja ya shemeji haisimami. Inasukuma mpaka maji yakauke na mabamba yapinde.

Nikaongeza maji ya betri, nikaweka kando chaja ya malori, nikachagua ndogo yenye akili. Mzee akawa anakuja kila asubuhi, anainama juu ya kipimo. Volti zikapanda vizuri.

"Imefufuka, kijana wangu?"

Nikamwambia volti ni sura tu, nguvu tutaijua kwa kuibebesha mzigo. Nikaunga taa. Zilipaswa kuwaka karibu saa nzima, maana jenereta ikizimika angani, redio hubaki mikononi mwa betri. Zilififia kabla chai yetu haijapoa. Nikachaji upya, nikapima upya, zikafifia vilevile. Fundi wa ndege wa Mwanza akasema kwa simu nisithubutu kuirudisha kwenye ndege, na mpya ingefika Jumatatu.

Ijumaa jioni mzee aliketi juu ya tairi, mkono kwenye betri.

"Lakini injini itawaka?"

"Itawaka, mzee."

Nilitazama chaja, taa yake ya kijani ikisema kazi imekwisha.

Simu yake ikaita. Alikuwa mkewe, yuko Bunda kwa binti yao, anauliza kama huko juu kuna baridi, abebe sweta. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaninyooshea simu.

"Mweleze wewe. Wewe unajua kueleza."

Nikaipokea, nikamwamkia mama, nikaanza na habari ya ukoko mweupe.