Mafuta Chini ya Mfuko

Mume wangu alipopasuliwa hospitalini, walimfungulia njia ya choo tumboni, wakatupatia mifuko ya kubandika hapo, wakasema nendeni nyumbani. Kufundishwa, hakuna. Maji ya mtaa wetu wa Huruma miaka hiyo ya tisini yalikuwa ya kupigania, lakini hayo tuyaache. Kila asubuhi nilimwosha, nikampaka mafuta mwili mzima, maana kwetu mwanamume akipauka ni aibu ya mke wake. Kisha nabandika mfuko. Kabla ya chai umeteleza, choo kimemwagikia shati. Akakataa kutoka nje, mwishowe akakataa chakula.

"Afadhali njaa, Mama Watoto," akaniambia.

Nikamrudisha kliniki kwa nguvu. Nesi akagusa ile ngozi ya tumbo inayoteleza mafuta, akaniuliza, "Mama, huyu unamkaanga?"

Mume wangu akacheka, mara ya kwanza tangu apasuliwe. Nesi akaosha mafuta yote, akakausha, kisha akampa mfuko yeye mwenyewe. "Baba, bandika. Hutoki hapa kabla sijaona."

Akabandika. Ukashika. Laiti wangetufanyia hivyo siku ile ya kwanza! Tulipofika nyumbani akaitisha ugali, na akaomba aongezwe.