Birago na Chale za Sumina

Leo nataka kumsema Birago, na asinikatize mtu. Ukifiwa pale Asafo, Kumasi, ukataka picha ya marehemu ya kubandika barabarani, unakwenda kwake. Alikuwa na kompyuta ya mezani kuukuu, inanguruma kama mashine ya kusaga, na programu ya kuhariri picha aliyoipakua bure, hakuilipia hata pesewa. Kwa programu hiyo alimvua marehemu fulana akamvika vazi la kente, akawafumbua macho waliofumba, akawafuta walevi waliosimama nyuma. Na mdomo alikuwa nao, si mchezo! Mimi nilitengeneza fremu mlango wa pili, na mimi ndiye niliyemletea ile plagini ya kulainisha nyuso.

"Dada, utafuta chunusi moja moja mpaka lini?" nilimwambia. "Hii unaipachika ndani ya programu yako, unabonyeza mara moja, uso wote unakuwa laini. Ya bure."

"Adomako, vya bure vyako vina virusi."

"Virusi viko kichwani mwako. Jaribu, mwanamke!"

Akajaribu. Juma lile alikuwa na marehemu kumi na wanne. Mmoja wao alikuwa Sumina, muuza nyama, ambaye lori la mbao lilimsaga uso hata jeneza likapigiliwa misumari. Uso wake uliobaki duniani ulikuwa katika picha moja tu, na mpiga picha alishaifuta kwenye kamera. Birago akabonyeza, akahifadhi juu ya ileile, akaipeleka ikachapwe bango kubwa kama mlango.

Jumamosi asubuhi bango likafunuliwa mbele ya waombolezaji. Mama mzazi, Nana Amponsaa, akalitazama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu nani?"

Mashavu hayakuwa na chale. Jamani, chale zile! Watoto watatu walimfia yule mama, wa nne akamchanja mwenyewe kwa wembe, akamwita Sumina, yaani jalala, ili kifo kimwone takataka kimpite. Kikampita, na wadogo zake nao wakaishi. Plagini ikaziona chale ni uchafu, ikazifuta.

"Mmemtakasia kifo!" mama akapiga yowe. "Kesho kirudi kwa wajukuu? Hazikwi mtu hapa!"

Ntim na Boadu, wadogo wa marehemu, wakatoka msibani na nguo zao nyekundu za matanga, wakapitia buchani, wakaja na mapanga. Birago alikuwa anakunywa uji. Ntim alimzaba kofi, Birago akaanguka juu ya vioo vya fremu nilizokuwa nampigilia pale kwake, akainuka na damu sikioni.

"Nani kamfuta kaka yetu?"

"Mimi. Sikukusudia, kaka zangu. Naomba..."

"Kwa mkono upi?"

Boadu akaukamata wa kulia, akaulaza mezani kando ya mausi, na Ntim akashusha mgongo wa panga. Nilisikia vidole vikivunjika. Akashusha tena. Birago alipiga kelele ambazo bado nazisikia, nami nilikuwa nimesimama pale na nyundo mkononi, nimeganda, mwanamume mzima!

Nana Amponsaa akaingia, anahema. "Wajinga nyie! Mkimmaliza, mwanangu nitarudishiwa na nani?"

Wakamkalisha kitini. Akachora kwa mkono wa kushoto, damu ikidondokea kibodi, na mama akamwonyesha kwa ukucha juu ya shavu la Birago mwenyewe. "Tatu hapa. Ya kati ndefu. Imepinda, alifurukuta nilipomkata." Alikandamiza hadi ngozi ikachubuka. Saa nzima walifanya vile, hadi bikizee akashika kioo cha kompyuta kwa viganja viwili akalia.

"Ndiye. Ndiye mwanangu."

Akachukua picha akaenda kuichapisha. Tukadhani yamekwisha. Ntim akabaki mlangoni.

"Hiyo takataka ya kufuta watu nyuso, nani alikuletea?"

Birago akanitazama. Mara moja tu, wala hata Boadu hakuona. Nilijua ninachotakiwa kusema.

"Niliitafuta mwenyewe," akasema.

"Kumbe ulijitakia!" Wakaulaza mkono wa kushoto mezani.

Sikusema kitu. Wallahi sikusema kitu, na ndani yangu, Mungu anilaani, nilishukuru. Sumina alizikwa saa nane, bango zuri ajabu, watu wakalisifu.

Vidole vya Birago viliunga vibaya, havishiki hata kijiko. Hajanitaja kwa mtu hadi leo. Kila mchana nafunga duka, namlisha kenkey, madonge ya mahindi yaliyochachuka, kwa mkono wangu huu, na akiona machozi yananitoka ananigombeza.

"Ongeza samaki, mjinga wewe. Nina njaa."