Uso wa Mama kwa Ukuta wa Jikoni

Wewe unayenisikiliza, hebu funga macho kidogo. Unaweza kuniambia pua ya mama yako iko namna gani? Usiniambie ni nzuri, hiyo kila mtu husema. Niambie inaanzia wapi, na akicheka inaenda upande gani. Umeona? Umenyamaza. Na wewe una picha zake kwa simu hapo mfukoni.

Mimi mama yangu hana picha. Hata moja. Alikufa wakati wanawake hawajaanza kupewa kitambulisho, na mpiga picha alikuwa ni wa kutafutwa mjini, na mama mjini alikuwa anaenda kuuza maharagwe tu anarudi. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimefika urefu wake kabisa, tunavaliana leso. Ndugu yangu kitinda mimba alikuwa mdogo, bado anatembea ameshika nguo yake. Wale wa katikati Mungu ameshawaita. Kwa hivyo dunia nzima wanaojua ule uso ni watu wawili, mimi na huyo kijana. Namwita kijana, na meno yake yote ni ya kununua.

Sisi ni watu wa Embu. Mimi nikaolewa huku Meru, juu ya Kinoru kidogo, nimekaa mpaka siku hizi sijui ni lugha gani naota nayo. Yeye alibaki kule, akashonea watu suti maisha yake yote, na sasa anapumzika hapo Embu, mtaa wa Majimbo, na redio yake.

Shule nilienda kidogo, ya kujua jina langu na kuhesabu kuku. Lakini mkono wangu ulikuwa unapenda kuchora tangu zamani. Unajua jikoni ya matope lazima uipake upya kila mwaka, la sivyo inapasuka kama kisigino. Sasa kuna siku nilimaliza kuipaka, nikarudi nyuma kuangalia, nikaona ukuta umetulia, laini, bado maji maji. Nikaona kuuwacha hivyo ni dhambi. Nikakwangua masizi ya sufuria nikachora mbuzi. Mzee wangu, Mungu amlaze mahali pema, akatoka kukamua akasimama na ndoo.

"Huyo mbuzi ni wa nani?"

"Wako."

"Na mbona ananiangalia kama chifu?"

Basi, hakunikataza. Akawa yeye ndiye ananiletea udongo mweupe kutoka mtoni.

Rangi zangu zote ni za shamba. Nyekundu iko kila mahali, huku hata kuku mweupe akilala chini anaamka mwekundu. Manjano naitoa pale walikata kilima wakipitisha barabara. Nyeusi ni hayo masizi. Ile inanisumbua ni kijani. Nasaga majani ya maharagwe, leo inameremeta, kesho imekuwa chai.

Na sichori kila wakati kama hao wa mjini. Mimi naenda na majira. Mwezi wa kwanza na wa pili jua ni kali, mavuno ya maharagwe yako nyumbani, hapo ndiyo kazi yangu. Mvua ikifika mwezi wa tatu naweka brashi naokota jembe, kwa sababu hakuna mtu anakula picha. Mwezi wa saba kuna ile baridi na ukungu, hata ukipaka kitu hakikauki, nakaa kwa moto nafikiria tu. Mwezi wa kumi jacaranda zinamwaga maua barabarani, na hiyo zambarau nimeitafuta kwa udongo mpaka nimekata tamaa. Nachora kile nimeona. Nikienda kusalimia binti yangu aliyeolewa Laare, narudi nyumbani na zile pikipiki za miraa zikinikimbilia kwa kichwa, sipumziki mpaka niziweke kwa ukuta. Watoto wa shule wakipita wanasimama kwa ua, wananiita cucu, yaani nyanya. "Cucu, leo umetuchorea nini?"

Lakini kila mwezi wa kwanza, kabla ya pikipiki, kabla ya mbuzi, nachora mama.

Huo ukuta unaangalia mahali mvua hutokea. Kwa hivyo ikifika mwezi wa nne mama amekwisha. Paji la uso linatangulia, macho yanafuata, mdomo unakaa kaa kidogo halafu nao unaenda. Hiyo haikunisumbua. Si mwaka ukizunguka namrudisha?

Aliyenisumbua ni ndugu yangu. Alikuja kunitembelea mwezi wa kwanza mmoja, nikampikia mukimo, akala akashiba, akatoka nje na kijiti kwa meno. Nikamsikia anacheka.

"Dada, aki umejichora vizuri."

"Huyo ni mama."

"Mama yupi? Huyu ni wewe. Hata hili jicho la kutafuta ugomvi ni lako."

Nikafikiri ni mzaha, maana yeye na mzaha ni kama ulimi na mate. Mwaka uliofuata nikamchora tena, polepole, nikamwita. "Leo umekaribia," akasema, "leo umechora shangazi." Na mwaka mwingine hivyo hivyo. Nilikuwa nacheka na yeye, lakini akienda sicheki. Kwa sababu kama tumebaki wawili, na mmoja anasema huyo siye, basi kuna mmoja amesahau. Nikaanza kujiuliza. Kila mwaka mvua inamtoa, mimi namrudisha. Labda kila nikimrudisha natia kitu changu kidogo, mwaka huu shavu, mwaka ule jicho. Labda mama aliisha zamani na mimi nimekaa hapa nachora kioo.

Sasa nina mjukuu, mtoto wa binti yangu wa pili. Anasomea chuo huko Embu na anapanga chumba karibu na huyo ndugu yangu. Akaja wikendi moja, akasimama mbele ya ukuta, simu juu.

"Cucu, kuna maonyesho ya wachoraji Embu mwezi huu. Nimekuandikisha."

"Umeniandikisha kama mtoto wa nasari?"

"Kama msanii."

"Msanii si ni wale wanaimba?"

"Cucu, wacha hizo. Utakuja na nini?"

Nikamwambia nitakuja na mama. Na sikuwa nafikiria maonyesho hata kidogo. Nilishaenda moja hapa Kinoru, ya kanisa, nikachora mbuzi kwa ukuta wao, na mtu pekee aliyenisemesha alitaka kujua kama huyo mbuzi nimemfuga mimi. Nilikuwa nafikiria yule kijana wa Majimbo. Mbele ya watu, holi nzima, atashindwa kufanya mzaha. Atasimama aniambie ukweli, ni yeye ama si yeye.

Lakini ukuta utaubebaje? Nikatoa shuka ya zamani, ile nzito, nikaipigilia misumari kwa mlango wa stoo. Nikaipaka matope mazuri kama vile napaka jikoni, ikakauka, nikachora mama juu yake. Na nilimchora, wewe! Hakuna siku nimewahi kumchora hivyo. Siku ya safari nikaitoa misumari, nikaikunja vile unakunja mkeka, nikaifunga kwa kamba ya katani, nikaenda Embu nimeipakata.

Holi ilikuwa imejaa vijana wenye nywele za kusokota na rangi za kununua. Mmoja alikuwa na picha ya ndovu mkubwa, na ndovu mwenyewe nadhani hajawahi kukutana naye, maana alikuwa amemchora anacheka. Ndugu yangu alikuwa ameshafika, amevaa suti aliyojishonea na kofia yake.

"Mama wa Meru!" akaniita. "Haya, tumwone huyo pacha wako."

Nikafungua kamba. Mimi nikashika pembe moja, mjukuu akashika nyingine, tukakunjua.

Tukasikia kama mtu amemwaga mchele.

Mama alikuwa sakafuni. Uso na leso na kila kitu, vumbi na vipande vipande. Kwa shuka limebaki jicho moja na kipande cha sikio. Unaona, ukuta haujawahi kukunjwa. Matope yakikauka hayataki kupindwa, hata mtoto anajua, na mimi mtu wa matope miaka yote hiyo sikufikiria.

Mjukuu wangu akashika mdomo, machozi yakaanza. "Cucu, ni mimi. Si ni mimi nilikuambia uje."

"Kumbe hata ndani ya nyumba mvua inamfuata," ndugu yangu akasema. Hakuna mtu alicheka. Na yeye akaniangalia usoni, akavua kofia.

Hapo akaja mama wa kufagia, haraka haraka, na kifagio na kizoleo, anataka kutusaidia.

"Wee! Usitupe!" nikapiga kelele. "Huyo ni mama yangu!"

Yule mama aliruka nyuma kama amekanyaga nyoka. Halafu akaenda akaleta beseni safi, akapiga magoti, akaanza kumzoa na mkono. Polepole, kama mtu anaokota mbegu.

Nikaangalia kwa beseni. Nyekundu, nyeupe, manjano, masizi, zote zilikuwa zimechanganyika. Na unajua ilikuwa imetoka rangi gani? Rangi ya ngozi yake. Ile nilikuwa natafuta kila mwaka sipati. Nikasema, haya, nitafutieni uji.

Hoteli ya jirani wakaleta uji wa wimbi. Nikawaambia huo ni wa kunywa, nataka wa unga mweupe, mzito, wa kushika kama gundi. Ndugu yangu akanywa ule wa wimbi ili usiharibike. Kijana wa ndovu akanipa ubao wake wa akiba, tukauegemeza kwa kiti, nikaketi chini na magoti yangu haya mabaya, nikakoroga, nikaanza. Watu wakatuzunguka. Ndugu yangu akasimama nyuma yangu na kikombe.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini? Hata sijafika kwa macho."

"Kidevu. Na lile kovu umeliwacha wapi?"

"Mama hakuwa na kovu."

"Alikuwa nalo. Hapa." Akainua kichwa akaweka kidole chini ya kidevu chake, karibu na koo. "Dogo, kama mbegu ya kahawa."

"Wewe ulikuwa mtoto, unajua nini?"

"Si ndiyo nakuambia! Nilikuwa mtoto. Nilikuwa nikishika nguo yake akiongea na watu wake wa soko, maneno hayaishi, mimi naangalia juu nangoja. Saa hizo zote nilikuwa naangalia nini? Hilo kovu. Wewe ulikuwa mrefu kama yeye, ulikuwa unamwona macho kwa macho. Paji la uso lake mimi hata silijui."

Nikabaki na mkono hewani. Miaka yote hiyo ananiambia huyo siye, na ni kweli, kwake siye. Mimi namchora kutoka mbele, na yeye anamjua kutoka chini.

"Keti hapa," nikamwambia. "Uniambie yote."

Akaketi sakafuni na suti yake. Nikafuta na kitambaa, nikaanza tena, na sasa nikamwinamisha mama kichwa, kama mtu anayeangalia mtoto miguuni. Huyu anasema kidevu kiwe kipana, mimi nasema si hivyo, huyu anasema mashimo ya pua yalionekana, mimi nasema hakuna mtu anachora mashimo ya pua ya mama yake, watu wanacheka, mjukuu wangu anakoroga uji na kutupitishia udongo, macho yake yameganda kwa ubao. Nilipomaliza, yeye na kijana wa ndovu wakauinua wakauweka juu ya meza. Ndugu yangu alibaki pale pale chini. Akainua uso akaangalia.

Aliangalia mpaka uji ukaanza kukauka kwa vidole vyangu.

"Sasa ananiambia niwache kumvuta nguo," akasema.

Akapangusa macho na kofia. "Lakini hiyo pua ni yako."

"Pua ni yake!"

"Haya, haya. Pua ni yenu nyinyi wawili."

Ubao uko kwake Majimbo. Aliuomba, nikampa, ameutundika juu karibu na dari, mgeni akija lazima ainue shingo. Jioni ile mjukuu wangu akanisindikiza nipande gari. Akanionyesha simu. "Nimempiga picha kila upande, Cucu. Sasa hawezi kupotea."

"Hiyo si ndiyo simu iliingia kwa choo?"

Akacheka, lakini mimi nikamshika mkono. Nikamwambia simu ni sawa, aiweke, lakini mimi nataka mama akae kwa mkono wa mtu. Mimi na guka yake, yaani babu yake, huyo ndugu yangu, tumekuwa wazee. Yeye anamjua kutoka chini, mimi namjua kutoka mbele, na hakuna mwingine.

Nikapanda, gari ikajaa. Halafu akaniinamia dirishani.

"Cucu, mwezi wa kwanza nakuja na guka. Simu nitaiwacha Majimbo. Nitamchora mimi kwa ukuta wa jikoni, wewe ukae kwa kiti unikosoe, na guka akae chini anikosoe. Mvua ikimtoa, mwaka unaofuata nakuja tena, na mwingine tena, mpaka nyinyi wawili mkose la kunikosoa. Nimekuahidi."