Mji Aliouchagua Dani

Mvua ya kwanza ikinyesha baada ya kiangazi, harufu ya udongo mweusi wa Ahero hunifuata popote nilipo, hata nikiwa sokoni Otonglo nabishana na mama mboga. Ni harufu nzito, ya baridi kidogo, na udongo wenyewe una ukaidi: unang'ang'ania kiatu mpaka ukivue utembee peku. Nikiisikia, narudi kuwa mtoto wa miaka tisa mwenye jembe fupi, nimesimama nyuma ya Dani. Ndivyo tulivyomwita mama yake baba.

Tulikaa Kaloleni, kwenye zile nyumba za kaunsili ambazo jirani akikaanga samaki mnajua alitia chumvi kiasi gani. Kila likizo Dani alinichukua tukaenda Ahero, kwenye boma alikozaliwa. Hapakuwa na mtu tena. Nyumba ilikuwa imeanguka, limebaki kaburi la mama yake tu. Tulilipalilia vizuri, kisha Dani akahamia upande wa kulia wa kaburi, akapalilia kipande kingine cha ukubwa uleule, kitupu kabisa.

"Dani, mbona tunalima hapa na hatupandi kitu?"

"Usikanyage hapo, nyakwara, mjukuu wangu. Hapo ni pa baba yangu."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Nami nikaamini. Nilimwona kabisa akilini, mzee mwenye sanduku kubwa, akishuka stendi ya Ahero na peremende mfukoni. Nilijiuliza tu kama zitatutosha.

Acheni niwaambie sasa nililokuja kuambiwa nikiwa mtu mzima. Baba yake Dani alichukuliwa vitani na Wazungu Dani akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Hakurudi. Rafiki yake aliyerudi alimwambia mama yake Dani kwamba mumewe aliugua, akafa, akazikwa Iskanderia, kule Misri. Kwetu mtu aliyefia mbali haachwi huko kama mzigo uliosahaulika. Ndugu yake huenda mpaka mahali penyewe, akamwita kwa jina, akamwambia waende nyumbani, akachota udongo kidogo uje uzikwe badala yake, upande wa kulia wa mkewe. Ndugu za baba yake Dani waliahidi kwenda. Walikufa mmoja mmoja, ahadi ikiwa mdomoni. Akabaki Dani, mtoto pekee, tena binti aliyeolewa, ambaye kwa mila hana sauti kwenye kaburi la baba yake.

Basi mwaka huo nilipokuwa na miaka tisa, baba mdogo, aliyekuwa muuguzi Ulaya, alipiga simu. Tulikuwa wote sebuleni, chai ikitoa mvuke, na baba aliishika simu mbali na sikio ili sote tusikie.

"Mama, mwaka huu nataka nikutembeze. Likizo yangu ni fupi, kwa hivyo ni mji mmoja tu. Chagua mji wowote wa zamani, ule wa historia."

Sote tulijua angesema Yerusalemu. Dani alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na Zaburi alizisoma bila kufungua kitabu. Mama yangu alikwisha kutabasamu.

"Iskanderia," alisema Dani.

Tabasamu la mama yangu likaishia njiani.

"Iskanderia ndiyo wapi, Mama?" baba akauliza.

"Misri."

Baba alikuwa mzee wa kanisa na alipenda mambo yanyooke. Akamweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, kwamba Misri ni nchi ya Farao, ni nchi ya utumwa, ni nchi ambayo watu wa Mungu waliikimbia.

"Na Bwana Yesu akiwa mtoto alikimbilia wapi?" Dani akauliza.

"Misri. Lakini Mama, hakukaa."

"Hata mimi sikai. Naenda, narudi."

Tulicheka sana. Mimi nilicheka mpaka chai ikanipalia. Alikuwa anatetea jambo kubwa kuliko yote maishani mwake, na silaha aliyoruhusiwa kuishika ilikuwa hiyo moja tu, Biblia. Angesemaje? Kanisa letu lilihubiri kwamba wanaoita wafu ni watu wa giza, na mwenyekiti wa akina mama ndiye aliyekuwa akitumwa kuwakanya. Akaangalia kikombe, na baba akamjibu ndugu yake kwenye simu kwa niaba yake: Yerusalemu.

Jumapili habari zikafika kanisani kabla yetu. Pasta alitangaza madhabahuni kwamba mama yetu anakwenda Yerusalemu, watu wakapiga vigelegele, akina mama wakamletea chupa tupu za maji ya Yordani. Mmoja alileta mtungi wa lita ishirini. Dani alizipokea chupa zote, akisema asante kwa kila moja, na uso wake ulikuwa umezimika. Mimi nilidhani ni woga wa ndege.

Akaenda, akarudi. Baba mdogo alimsindikiza mpaka Kaloleni, na jioni ya karamu akatusimulia kisa kilichotuvunja mbavu. Asubuhi moja, alisema, kikundi kizima kilikuwa kimesimama kilimani kikipiga picha mji mtakatifu. Mama peke yake akageuka, akaupa mgongo.

"Akaniuliza, Misri iko upande gani? Nikamwonyesha. Ai, mama huyu! Akasimama anaangalia maegesho ya mabasi, anaongea peke yake. Nikasikia anasema, bi wadhi dala. Njoo twende nyumbani. Nikajua amechoka, nikamrudisha hotelini."

Wageni walicheka wakapigapiga meza. Dani alikuwa pale pale, anagawa ugali. Na yeye alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayecheka utani wa wakwe. Kisha akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Mwaka uliofuata tulipokwenda Ahero alipalilia kaburi, akapalilia na kile kipande kitupu. Sikuuliza tena kama baba yake atakuja, na yeye hakusema.

Aliniambia yote nikiwa chuoni, mikono yake ikiwa haishiki jembe tena. Aliniambia bila lawama, na hilo ndilo liliniuma. Tungemuuliza swali moja tu, kwa nini Iskanderia, tukanyamaza tusikilize, labda angesema. Hatukuuliza. Tulimpenda, tukamchagulia. Wahenga walisema moyo wa mtu ni msitu, lakini sisi hata ukingoni mwa msitu huo hatukusimama.

"Lakini nilimwita," aliniambia. "Udongo sikupata, lakini nilimwita. Kutoka pale si mbali. Labda alisikia."

Tulipomzika, nilimweleza baba mdogo. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya kukodi, watu wameanza kutawanyika. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauficha uso wake kwa kofia. Alipoutoa, sauti ilikuwa ya mtoto.

"Wewe ulisoma jiografia. Mtu akiwa Yerusalemu, Misri iko wapi? Maana mimi sikujua. Nilinyoosha mkono tu. Nilimwelekeza kule jua lilikokuwa linachomoza."

Nilikuwa nimeshaiangalia ramani, zaidi ya mara moja. Misri ilikuwa nyuma ya mgongo wake.

"Ni hukohuko, Baba," nikamwambia. "Ulimwelekeza sawasawa."