Shemeji na Skrubu Zake

Mume wa dada yangu ni fundi umeme, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Fundi Vuta. Kila akimaliza kukaza waya, anaushika kwa vidole viwili na kuuvuta. Usipotoka, anaguna "Mm" kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta chumvi imekolea. Ukitoka, anaanza upya. Tabia hiyo imemkaa mpaka nje ya kazi. Akifunga mlango, lazima avute kitasa. Akimfunga mjukuu kamba za viatu, anavuta mpaka mtoto anasogea pamoja na kiatu. Siku ya harusi, baada ya kumvisha dada pete, aliivuta. Nilikuwepo, niliona, na sitaacha kulisema.

Kitu anachokipenda kuliko vyote duniani, ukimtoa dada (na hata hapo nina mashaka), ni konekta. Kama hujawahi kuiona, ni kipande cha plastiki nyeupe chenye matundu yaliyopangwa mstari. Ndani ya kila tundu kuna kibomba cha chuma, na juu yake skrubu mbili ndogo. Waya mmoja unaingia upande huu, mwenzake upande ule, unakaza skrubu, wamekutana. Mafundi wengine husokota nyaya mbili kwa mkono, wakazizungushia tepu, wakaondoka zao wakipiga mluzi. Mbele ya shemeji usiitaje tepu. Atakusimamisha njiani, mzigo uko kichwani, akueleze jinsi gundi inavyolegea kwa joto, nyaya zikaachana, nyumba ikaanza kunuka.

"Menya waya urefu wa ukucha," husema. "Shaba yote iwe ndani, ganda lote libaki nje. Kaza. Vuta."

Somo hilo nimelisikia mara nyingi mno. Dada anasema huwa analitoa hata usingizini.

Mimi ni fundi cherehani, na sijawahi kukaa na shemeji dakika tano tukazungumza kama watu wazima. Nilipoanza kuvaa miwani, miaka sita iliyopita, alinibatiza Mama Darubini. Husimama mlangoni kwangu na kuuliza, "Mama Darubini, unaniona hapo ulipo au nisogee?" Nami humjibu, "Nakuona vizuri, ndiyo maana nimekunja uso." Tukicheka hivyo, siku inakwenda.

Sasa, mwaka huu, siku moja ya Jumatatu mchana, dada alikuja kwangu bila nguo ya kushona. Akakaa kwenye benchi la wateja, mkoba kaupakata.

"Mdogo wangu," akasema, "shemeji yako haoni karibu."

Nikacheka. Juzi tu alikuwa amenionyesha kunguru juu ya nguzo ya tatu ya umeme, akaniambia ana kipande cha mkate mdomoni, na kweli alikuwa nacho.

"Mbali anaona," dada akasema. "Karibu ndiyo haoni. Akisoma ujumbe kwenye simu, ananyoosha mkono mpaka anakaribia kumpiga jirani. Shati analivaa kwa kulipitisha kichwani, vifungo vimefungwa, ili asihangaike navyo. Na skrubu anazikaza kwa kupapasa. Nimemwona nyumbani. Anatafuta kichwa cha skrubu kwa ukucha, kisha anaweka bisibisi."

"Mwambie akapime macho."

"Nikimwambia mimi, atasema nimemchoka, namzeesha. Nyinyi mnataniana. Wewe utajua pa kupitia." Kisha akasema lililomleta. "Jumatatu ijayo anaanza kufunga umeme wa chekechea mpya. Vyumba vinne. Watoto wanalala mchana mle ndani."

Hapo sikucheka tena.

Kwa bahati nilikuwa nimepanga chumba kipya cha kushonea, na bado hakikuwa na umeme wa kueleweka. Nikampigia shemeji aje Alhamisi anifungie taa mbili na soketi tatu. Nilijiambia nitamtazama akifanya kazi, nitamtania palepale anapokosea, na atanielewa. Mpango huo niliuona mzuri sana.

Alikuja na ngazi yake na mkoba wa vifaa, akapanda, akaanza. Nikasimama chini yake mikono kiunoni.

"Shemeji, skrubu iko huku. Hapo unakaza hewa."

Akacheka. "Mama Darubini leo ananifundisha kazi!"

Nikajaribu tena. "Nikuazime miwani?"

"Nikivaa hiyo nitaona mpaka mawazo yako, na mimi nataka nilale salama."

Nikachukua sindano na uzi, nikamnyooshea. "Basi hebu nitungie uzi huu, mimi mkono unauma."

"Kila mtu na fani yake, shemeji. Mimi nikikuomba unipandie nguzo, utapanda?"

Kila nililorusha alilidaka na kunirudishia. Alikuwa na furaha kweli, maana alidhani leo nimeamka na utani mtamu. Ndipo nilipoelewa nimejifanyia nini. Kwa miaka ishirini na zaidi nimemwambia mtu huyu kwamba ana kitambi cha mwenyekiti, anaimba kama mlango usiotiwa mafuta, hajui kuchagua suruali. Sasa nina neno moja la kweli, na amelipanga humohumo pamoja na mengine. Nilikasirika, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Alipomaliza alivuta nyaya zote, mmoja mmoja. Mm. Mm. Mm. Akafunga kisanduku cha nyaya kilicho darini, juu ya meza yangu ya kukatia, akawasha taa, zikawaka. Akaondoka kifua mbele.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nashona kola. Kila nikikanyaga pedeli, taa ya juu ya meza inapepesa, na cherehani inakwenda hatua tatu, inasita, inakwenda mbili. Ilipofika saa nne nikasikia harufu ndogo ya plastiki. Nikazima swichi kuu iliyoko ukutani koridoni, nikampigia.

Alikuja haraka, na kabla hajagusa chochote alikuwa ameshapata washukiwa. Kwanza balbu, kwamba siku hizi balbu hazitengenezwi kama zamani. Halafu cherehani, kwamba imechoka kama mwenyewe. Halafu umeme wenyewe, kwamba leo hauna nguvu mtaa mzima. Mwisho mguu wangu.

"Unakanyaga pedeli kama unaua mende," akasema. "Umeme nao unashtuka."

Akapanda, akafungua kisanduku, akavuta nyaya zote mbele yangu kwa nguvu. Haukutoka hata mmoja.

"Umeona? Kazi yangu haina kasoro."

"Shuka," nikasema. "Nipishe."

Nikapanda mimi. Nikasukuma miwani juu ya pua, nikawasha tochi ya simu, nikasoma konekta ile tundu kwa tundu. Tundu la tatu lilikuwa na ukingo wa rangi ya kahawia. Waya ulikuwa umemenywa kidogo mno, ganda la plastiki limeingia ndani, na skrubu imeliuma hilo ganda barabara. Hata ng'ombe asingeung'oa. Lakini ulikuwa umeshikwa shati tu, mwili hapana. Shaba yenyewe ilikuwa mbele ya skrubu, ikigusa chuma inapopenda na kuachia inapopenda, na hapo ndipo joto lilipokuwa likitoka.

Nikailegeza konekta, nikashuka nayo, nikamwekea kiganjani.

"Shemeji, umekaza plastiki."

"Mwanga wa chumba hiki mbaya," akasema, huku akitabasamu, akinisubiri niendelee.

Nikavua miwani. Sijui kwa nini, labda nilitaka anione uso. "Sikutanii," nikasema. "Huoni karibu, shemeji. Hukuiona skrubu ilipokaa, na ukivuta huwezi kujua, kwa sababu plastiki nayo inashika. Jumatatu unakwenda kufunga chumba wanacholala watoto."

Alingoja nicheke. Niliona kabisa jinsi alivyongoja, mdomo umeshajiandaa. Sikucheka. Akaiinua ile konekta machoni, akaisogeza mbali, mkono ukanyooka wote, akairudisha karibu. Kisha akapitisha ukucha juu yake polepole, na tabasamu likamwishia.

Alikaa juu ya robota langu la vitambaa bila kuuliza kama ni safi.

"Dada yako anajua?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mimi nilikuwa nafikiri namficha. Fundi asiyeona skrubu nani atamwita, shemeji? Watu wakijua, simu yangu haitalia tena. Nitakaa nyumbani nimwangalie dada yako akipika, mpaka anifukuze."

Nilikuwa na jibu la kuchekesha, liko tayari kabisa ulimini. Nikalimeza. Nilimwonea huruma, mimi ambaye katika maisha yangu yote sijawahi kumwonea huruma hata alipoanguka kwenye mtaro.

Lakini baadaye akainua kichwa, na niliona amehama kwenye wazo lile. "Ngapi?" akauliza.

"Ngapi nini?"

"Nyumba. Tangu mwaka jana nimefunga nyumba ngapi?" Akaanza kuhesabu kwa vidole, akitaja watu wenyewe: muuza maziwa, yule mwalimu wa hesabu, mabinti wawili wa ghorofani. Vidole vikamwishia akaanza upya. Zilifika kumi na nne.

Jumamosi dada alimpeleka hospitali ya macho. Shemeji alimwambia daktari herufi zake zimechapwa vibaya. Daktari, mwanamke mwenye subira, akamwekea vioo, na shemeji akazisoma zote mpaka jina la mtengenezaji kule chini, ambalo hakuna aliyemwomba asome. Alitoka na miwani yenye fremu nyeusi. Jumatatu alikwenda chekechea kama alivyoahidi, akamwambia mwalimu mkuu asubiri wiki mbili. Alipoulizwa sababu, akasema macho. Mwalimu mkuu hakusema ndiyo wala hapana, alisema atafikiria, na shemeji alirudi nyumbani akala nusu ya chakula.

Jumanne nilifunga chumba changu, nikaenda kumshikia ngazi azikague zile nyumba kumi na nne. Dada goti linamsumbua, na kumwacha azunguke peke yake nisingeweza.

Nyumba za kwanza aliingia na maneno ya kujikinga. "Napita tu kukagua, ni kawaida yangu," alisema, na mimi nikatazama pembeni, maana hajawahi kupita kukagua tangu azaliwe. Tulifungua, tukatazama, tukafunga. Nyumba sita zote salama. Mkono wake ulikuwa umezoea kiasi kwamba mara nyingi ulipatia hata bila macho. Nikaanza kufikiri mambo yataisha kimyakimya, hakuna atakayejua, nami nitarudi kumtania kuhusu fremu zake.

Nyumba ya saba ilikuwa ya muuguzi mstaafu. Alitupokea vizuri, akatupeleka sebuleni, akazima swichi kuu mwenyewe, akachukua tochi akasimama karibu yangu chini ya ngazi. Shemeji akafungua kisanduku cha darini. Hata mimi nilikiona kutoka chini: plastiki nyeupe imegeuka rangi, upande mmoja umeanza kujikunja.

Yule mama naye akakiona. "Mungu wangu," akasema. "Hii ingetuunguza."

Shemeji akasukuma miwani juu ya pua, akasogea karibu nacho.

Kila fundi akikuta kazi mbovu, kitu cha kwanza husonya na kuuliza nani aliyewafanyia hivi. Aliyefanya hayupo, hawezi kujitetea, na fundi aliyepo anapanda cheo hapohapo. Safari hii hata hakuhitaji kuuliza. Yule mama alimletea mwenyewe.

"Baada yako alikuja fundi mwingine," akasema, "akafunga chumba cha mama yangu. Alipanda hapo darini pia. Atakuwa ni yeye. Tangu mwanzo sikumwamini."

Shemeji akanitazama kutoka juu ya ngazi, juu ya fremu zile nyeusi. Neno moja tu, au hata kunyamaza, lingetosha. Nikashika ngazi kwa mikono miwili.

"Hapana, mama," akasema. "Hii nimefunga mimi. Nilikuwa sioni, na nikaficha. Nisamehe."

Mama akazima tochi, akaenda koridoni, na nikasikia akifungua mlango. Nikadhani ni mlango wa nje, tunatolewa. Shemeji alibaki ngazini, konekta mkononi, hajui ashuke au akae.

Mama akarudi. Akaiwasha tena tochi, akammulikia.

"Badilisha hiyo," akasema. "Ukimaliza, nimekufungulia chumba cha mama yangu. Kule alifunga yule mwingine. Nataka ukakague wewe."