Mashuka ya Jumapili

Kengele ya kanisa ilikuwa bado inalia watu wa filamu walipoanza kuanika mashuka kwenye kamba ya Wytske. Aliwatazama kupitia dirisha la jikoni, kikombe cha kahawa mkononi, na kahawa yenyewe hakuinywa. Katika miaka yote sabini na mmoja aliyoishi kijijini Skierwert alikuwa ameona nguo zikining'inia nje siku ya Jumapili mara moja tu. Na mara hiyo moja ndiyo iliyowaleta watu hawa kutoka Amsterdam, na magari yao, na nyaya zao zilizolala kwenye majani kama mikia ya ng'ombe.

Wytske alikuwa mjane wa Gosse, mfuga ng'ombe, mwanamke mfupi asiyependa kutazamwa. Hata dukani alisubiri wengine wahudumiwe kwanza. Wakati wa vita, yeye na Gosse walimficha mwanamke Myahudi aitwaye Judik pamoja na mtoto wake mdogo, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya ghala la jibini, mpaka Wajerumani walipoondoka. Baada ya vita hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Lakini Judik alipofariki, yule mtoto, ambaye sasa alikuwa mama wa watu, alimwomba kwa machozi akubali filamu itengenezwe. Wytske hakujua kumkatalia mtu anayelia.

Mkuu wa filamu aliingia jikoni bila kuvua viatu. Jina lake Diederik, kijana mchangamfu mwenye skafu ndefu.

"Bibi, mbona umekaa kama mgeni? Nyumba si yako?"

"Viatu," alisema Wytske.

"Ah! Samahani." Akavivua, akasimama na soksi zake, moja ikiwa na tundu. "Leo ndiyo siku yenyewe, bibi. Wote wako kanisani, barabara tupu. Na wakitoka, tunawapiga picha hivyo hivyo na makoti yao meusi. Uzuri wake huo!"

Wytske alitazama nje tena. Juu ya tuta la kuzuia maji ya bahari alisimama mwigizaji mmoja, mwanamke mwenye mdomo mwembamba na kitambaa cheusi kichwani, akivuta sigara. Kitambaa kilifungwa kwa namna ambayo Wytske aliijua vizuri, fundo likiwa pembeni, chini ya sikio.

"Yule ni nani?"

"Huyo ni jirani."

"Jirani gani?"

Diederik alikuna shingo. "Tumempa jina jingine, bibi, usijali. Anayaona mashuka, anaelewa kwamba kuna watu mmewaficha, anapanda tuta, anamwendea polisi. Anamnong'oneza. Basi. Neno hata moja halisikiki. Inatisha zaidi hivyo."

Kikombe kiligonga kisahani. "Nani amekwambia jirani yangu Baukje alikwenda kwa polisi?"

"Kijiji kizima. Waulize vijana pale mgahawani. Wanasema mwaka ule ule wa arobaini na tatu alitengwa na meza ya Bwana, na mpaka leo hajarudishwa. Bibi, mtu hatengwi kwa kosa dogo kama kula biskuti mbili na kahawa moja. Wewe mwenyewe ulituambia kuna Jumapili mashuka yalionekana mkanusurika. Nilipokuuliza nani aliwachongea, ulinyamaza."

"Nilinyamaza kwa sababu hakuna aliyetuchongea."

"Bibi," alisema Diederik kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa blanketi, "una moyo mwema sana." Akatoka, viatu mkononi.

Kanisani walianza kuimba zaburi ya kwanza, polepole kama wanavyoimba Skierwert, kila neno likivutwa mpaka pumzi iishe. Baukje alikuwa humo ndani, kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Miaka sabini na tisa, mgongo umepinda, ulimi haujapinda. Ibada ikiisha angerudi nyumbani kwa njia hii hii, na angemkuta mwanamke aliyefunga kitambaa kama chake akimnong'oneza polisi mbele ya kijiji kizima. Na baadaye nchi nzima ingemwona.

Angeweza kusema. Lakini alikuwa amempa Baukje neno lake.

Jumapili ile ya vita, jua lilitoka baada ya wiki nzima ya mvua. Wytske na Gosse walikwenda kanisani kama kawaida, maana kutokwenda kungeleta maswali. Walikuwa wamemfundisha Judik kila kitu: asikaribie dirisha, asivute maji chooni mchana, mtoto asivae viatu. Hawakumwambia kuhusu Jumapili. Nani Skierwert angefikiria kumwambia mtu kwamba Jumapili hakianikwi kitu? Ni kama kumwambia mtu asitembee kwa mikono. Siku ya kufua ni Jumatatu. Jumamosi unaloweka, Jumapili nguo zinalala kwenye maji, na wewe unalala na dhamiri yako.

Lakini usiku mtoto alikuwa amekojoa kitandani, na Judik aliona haya. Siku yake ya mapumziko, Sabato ya Wayahudi, ilikuwa jana yake. Kwake leo ilikuwa siku ya kazi. Kijiji kizima kilikuwa kanisani, ua wa michongoma ulikuwa mrefu, na mashuka nyuma ya nyumba ya mkulima ni kitu gani? Aliyafua, akayaanika yote manne, akarudi kujificha, akiwa na furaha kwamba amesaidia.

Polisi wa kijiji, aliyekuwa amejiunga na upande wa Wajerumani na hakuwa na haja ya kanisa tena, alikuwa akipita na baiskeli juu ya tuta. Kutoka kule juu michongoma haifichi kitu. Alisimama, akatazama. Alikuwa mzaliwa wa pale, hakuhitaji kufafanuliwa. Nyumba ambayo mashuka yameanikwa Jumapili ina mtu ndani asiyeijua Jumapili.

Baukje hakwenda kanisani siku hiyo kwa sababu mumewe alikuwa anaharisha vibaya. Alimwona Judik kupitia dirisha lake, na ndipo alipojua kwa mara ya kwanza jirani zake wanaishi na nani. Kisha akamwona polisi anaegesha baiskeli. Kuyaanua mashuka kulikuwa kumechelewa. Basi alikwenda kwenye beseni lake la Jumatatu, akayavuta mashuka ya mgonjwa yakiwa bado yanatiririka maji, akayatundika kwenye kamba yake mwenyewe bila hata kuyakamua. Polisi alipofika uani, Wytske na Gosse ndio walikuwa wanashuka njia kutoka kanisani, na nusu ya kanisa nyuma yao. Wytske alisikia kila neno.

"Ya kwangu haya," Baukje alisema. "Na yale kule pia ni ya kwangu. Kamba yangu haikutosha. Mume wangu ameyaharibu yote, unataka nikuoneshe alivyoyaharibu?"

"Leo Jumapili, Baukje."

"Liambie tumbo lake hivyo."

Polisi aliangalia kamba moja, akaangalia nyingine, akawaangalia watu waliosimama barabarani, nyuso zimewakauka kwa aibu. Aliamini. Nani angejipaka doa kama lile mbele ya wote bila sababu? Alicheka, akapanda baiskeli yake.

Wazee wa kanisa walimwita Baukje. Walimuuliza jambo moja tu: je, anajuta? Angesema ndiyo, wangemsamehe siku hiyo hiyo. Baukje alisema hapana. Wakamtenga na meza ya Bwana mpaka atakapojuta.

Nchi ilipokombolewa, Wytske alivaa koti ili aende kuwaeleza wazee. Baukje alimshika mkono mlangoni.

"Usithubutu."

"Lakini Baukje, sasa hakuna hatari tena! Watakusamehe."

"Kwani mimi nimeomba msamaha? Nimekaa nao benchi moja miaka ishirini, nimewazalisha wake zao, na ilitosha waone shuka moja. Kama hawawezi kufikiri wenyewe, wewe usiwafikirie. Niahidi."

Wytske aliahidi. Wazee wale walikufa mmoja mmoja, akabaki Haitse peke yake. Vijana waliozaliwa baadaye walijua tu kwamba Baukje alitengwa wakati wa vita, na kwao hilo lilikuwa na maana moja: usaliti. Wytske aliwahi kuusikia mnong'ono huo. Aliubeba hadi kwa Baukje, na Baukje alimwambia anyamaze na anywe kahawa yake.

Zaburi ya mwisho ilianza. Wytske aliijua kwa jinsi kinanda kilivyovuta sauti. Nje, Diederik alipiga makofi. "Kila mtu mahali pake! Zima sigara, mama!" Mwanamke wa tuta alikanyaga sigara, akakaza fundo chini ya sikio.

Wytske alisimama. Alifungua kabati, akachukua mashuka yake ya kitani, yale mazuri, na kopo la vibanio vya nguo. Hakuwatazama watu wa kamera. Alipita kwenye pengo la michongoma, akaingia uani kwa Baukje, akaanza kuanika kwenye kamba ya Baukje.

"Kata! Kata!" Diederik alikuja mbio. "Bibi! Umeingia kwenye picha! Unafanya nini?"

Mdomo wa Wytske ulijaa vibanio, hakuweza kujibu. Alitundika shuka la kwanza, likajaa upepo.

"Bibi, nakuomba, wanatoka sasa hivi!"

"Ndiyo," alisema Wytske, akitoa kibanio mdomoni. "Wanatoka."

Mlango wa kanisa ulifunguliwa. Watu walishuka njia kwa makundi, makoti meusi, vitabu vya zaburi mkononi, na mazungumzo yakakatika kuanzia mbele hadi nyuma. Kuhusu mashuka ya watu wa filamu walikuwa wameambiwa mapema, wakaguna, wakayameza. Wale ni watu wa Amsterdam. Lakini mjane wa Gosse! Wytske alihisi macho yao mgongoni kama maji ya moto. Alitamani ardhi imfunike. Akatundika shuka la pili.

Haitse alijitenga na kundi, akafika mpaka kwenye michongoma akiegemea fimbo. "Wytske. Leo siku gani?"

"Jumapili."

"Na unafanya nini?"

"Naanika."

Ilikuwa dhahiri swali lingine linakuja, na kwamba mzee mwenyewe hakulitaka. "Unajuta?"

"Hapana," alisema Wytske. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Hapana, Haitse. Na Baukje hakujuta. Yale manne kwenye kamba yangu mwaka ule aliyaanika Judik. Ya huku aliyaanika Baukje, polisi akiwa tayari amesimama juu ya tuta."

Mashuka yalipigapiga kwenye kamba mbili. Haitse alizitazama, hii, kisha ile, kama polisi alivyozitazama siku ile, na uso wake ukaanza kubadilika taratibu. Yule mwigizaji alikuwa ameshuka kutoka kwenye tuta. Alikifungua kitambaa kichwani, akakikunja, asijue akiweke wapi.

Watu walipisha njia. Baukje alikuja mwendo wake wa pole, wa mwisho kama kawaida, akasimama mbele ya kamba yake.

"Uliniahidi," alisema.

"Niliahidi."

Baukje alishika pindo la shuka, akalisugua kwa vidole. "Ni makavu haya."

"Sikuwa na muda."

"Ya kwangu yalikuwa yanachuruzika mpaka viatuni. Unaanika nguo kavu mbele ya watu, mwanamke mzima." Alimgeukia Haitse, ambaye alikuwa amevua kofia. "Na wewe rudisha kofia, utapata mafua."

Siku hiyo hawakupiga picha nyingine. Filamu ilipotoka mwaka uliofuata, hapakuwa na mwanamke anayenong'oneza juu ya tuta. Kulikuwa na kamba mbili, na mwanamke anayevuta mashuka mazito kutoka kwenye beseni, haraka haraka, bila kuyakamua. Baukje hakwenda kuiangalia. Alisema anaijua.

Wazee wa kanisa walimtembelea, wapya wote pamoja na Haitse, wakamwambia nafasi yake mezani iko wazi. Baukje aliwauliza kama wao wanajuta. Walisema wangelijadili. Kwa Wytske pia walikwenda, maana sheria ni sheria, wakamuuliza swali lile lile, naye akawapa jibu lile lile na biskuti moja kila mtu.

Walikuwa hawajamaliza kujadili wakati meza ya Bwana ilipoandaliwa katika majira ya mapukutiko. Benchi kwa benchi watu waliinuka, wakaenda mbele. Wytske, aliyekuwa akikaa benchi la tatu tangu alipoolewa, asubuhi hiyo alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango, ambako upepo unapenya miguuni. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Kila aliyepita alimtazama.

"Nenda, mjinga wewe," Baukje alinong'ona. "Wewe sema tu unajuta, umalize. Wanakuangalia."

"Na waangalie."

Baukje alitazama mbele, kwenye mkate na kikombe.

"Basi sogea," alisema. "Umekalia koti langu."