Jiwe la Kusafishia Mashine

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikiwa mkubwa wa watoto wanne. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipata kazi Kahama, kwenye maabara ya watafuta dhahabu. Sisi tulisaga sampuli za mawe. Fundi wa kompyuta alitengeneza programu ya kupanga majibu ya vipimo.

Kila Jumatatu kikundi chetu cha wasagaji kilijadili jinsi ya kupunguza makosa. Tuligundua kwamba jiwe lenye dhahabu huacha vumbi mashineni na kulichafua linalofuata, tukaamua kila trei ya sampuli ianze na jiwe tupu la kusafishia, lisilo na dhahabu. Mashine zikawa safi kweli. Lakini programu ililihesabu jiwe tupu kuwa sampuli ya kwanza, majibu yote yakasogea nafasi moja. Wachorongaji, wale wanaotoboa miamba, wakapelekwa pasipo na kitu.

"Mmebadilisha bila kuniambia!" fundi alifoka.

"Na wewe ukibadilisha programu humwambia nani?" mama mmoja wa kikundi chetu akamjibu. "Mkeo?"

Meneja hakucheka. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa trei, akanisimamisha kazi mpaka mtaalamu wa kuchunguza kosa afike.

Baba mdogo alikuja kutoka Buseresere. Tangu msibani alitaka wadogo zangu wagawanywe kwa ndugu. Kazi yangu ndiyo iliyomzuia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sasa utawalisha nini, mwanangu?"

Akaondoka na kitinda mimba, "kwa muda tu."

Mtaalamu alisema kikundi chetu kinaboresha kazi vizuri, ila utengenezaji wa programu uko ngazi ya chini kabisa: kila kitu kimo kichwani mwa mtu mmoja. Upande mmoja hauwezi kupanda ukauacha mwingine chini. Tangu hapo badiliko lolote, la mashine au la programu, lilijaribiwa kwanza kwa trei moja, pande zote zikiwapo. Fundi akaanza kukaa nasi Jumatatu. Nikarudishwa kazini.

Nikaenda Buseresere kumchukua mdogo wangu.

"Na mkikosea tena?" baba mdogo aliuliza.

"Tutakosea, baba. Ila sasa tutaliona kosa mapema."

"Hiyo si ahadi ya kulelea mtoto."

Nilirudi Kahama peke yangu. Mwezi uliofuata nikaenda tena kumwomba, na uliofuata pia.